Dishi Linalogonga Usiku Juu ya Paa la Gari

Mimi ni fundi madishi. Nafunga ya nyumbani, ya baa, ya nyumba za wageni, hapa Dar es Salaam, kuanzia Mbagala mpaka Kigamboni yote, na simu ninazopigiwa ni za aina mbili: picha inakatakata, au picha haipo kabisa. Simu ya kulalamikia kelele ni nadra. Dishi la nyumbani ni bati lililokazwa kwenye bomba. Likipiga kelele, ujue nati zimelegea na upepo unalichezea. Unapanda na spana namba 13, unakaza, unashuka, unadai nauli yako.

Dishi la shangazi yangu lina mota mbili, na hapo ndipo mambo yanapobadilika.

Shangazi alipoachana na kazi ya kutoa mizigo bandarini alinunua gari-nyumba lililotumika, kutoka Uingereza. Kwa asiyelijua, ni gari lenye kitanda, jiko la gesi, sinki, meza ya kukunja na choo ambacho mtu mnene atakitumia kwa shida. Usukani uko kulia kama wa magari yetu, kwa hiyo barabarani halina taabu. Analikodisha kwa familia zinazotaka kwenda Bagamoyo, Saadani au Mikumi bila kuhangaika na hoteli, na lisipokuwa safarini huegeshwa Mjimwema, Kigamboni, kwenye kiwanja chenye minazi, watu wakaja kulala humo mwisho wa wiki. Juu ya paa kuna dishi la kujikunja. Ukibonyeza kitufe ndani ya gari linainuka, linazunguka kutafuta satelaiti, likiipata linatulia. Dereva akiwasha gari, linajilaza lenyewe.

Hilo ndilo lililokuwa linagonga.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Njoo uling'oe hili lidude kabla halijanitoboa paa. Wageni wananikimbia."

Na kweli walikuwa wanamkimbia. Familia moja ilikuwa imeondoka usiku wa manane kwa kuamini kuna mtu juu ya gari. Mlinzi alizunguka na tochi, hakuona kitu. Mle ndani kulikuwa na bibi wa makamo ambaye tayari alikuwa anasoma Ayatul Kursiy, maana kwake yeye kitu kinachotua juu ya paa usiku kina jina moja tu, popobawa, na hakuna wa kumwambia vinginevyo.

Kabla yangu alikuwa amepita fundi mwingine. Alisikiliza kwa dakika chache, akasema mota imekufa, lazima iagizwe Ulaya, akataja na bei. Shangazi alinionyesha ile bei kwenye simu. Nikamwambia jambo ambalo naliamini mpaka leo: mota ikifa haigongi. Mota ikifa inanyamaza.

Katika kazi hii watu wengi wanakimbilia bisibisi. Mimi nakimbilia swali moja, nalo ni "saa ngapi?" Kelele inatokea wakati gani? Dishi likiwa linainuka? Linazunguka? Limetulia? Gari likiwa barabarani? Nilimuuliza shangazi, nikamuuliza dereva wake, nikamuuliza mlinzi, na kila mmoja akanipa jibu lake. Dereva alisikia mluzi kila akipita Kongowe na kukanyaga mafuta. Shangazi alisikia tak-tak-tak dishi likiinuka. Mlinzi alisema yeye hulisikia likilia usiku tu, tena usiku wa mvua. Watu watatu, kelele tatu, na zote zilikuwa zimefungwa kwenye neno moja: bovu.

Mluzi wa dereva haukuchukua muda. Dishi lilipolala halikulala sawasawa. Raba mbili za kulipokea zilikuwa zimeliwa na jua, likabaki na uwazi mdogo upande wa mbele, na upepo ukipita hapo unapiga mluzi. Kebo ya kwenda kwenye LNB, kile kichwa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi, nayo ilikuwa imeachia kibanio, ikawa inachapa paa. Raba nilizichonga kwenye tairi kuukuu, kebo nikaifunga. Yamekwisha hayo.

Kupanda juu ya gari la namna ile kuna adabu yake. Paa ni faibaglasi, siyo bati la Land Cruiser, ukikanyaga katikati unaweza kulipasua. Nililaza ubao mpana kutoka ukingo mmoja hadi mwingine nikatambaa juu yake. Na kabla ya kuingiza kidole popote nilimwambia dereva achomoe fyuzi ya dishi aje aniwekee mkononi. Siyo kwamba simwamini. Dishi la mota halina habari na vidole vyako, na mtoto akibonyeza kitufe kule ndani wakati wewe umeshika gia, utaijua nguvu ya mota ndogo.

Kitu cha kwanza nilichokiona juu ni unga mweupe. Mjimwema bahari iko jirani, na chumvi yake haina msamaha. Mwili wa dishi ni alumini, bolti ni za chuma kisichoshika kutu, na metali mbili tofauti zikikutana kwenye unyevu wa chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Unga ule ni alumini inayooza. Ulikuwa umejaa kwenye bushi ya kuzungukia, umechanganyika na mchanga na grisi iliyokauka ikawa kama lami. Hiyo ndiyo sauti ya kukwaruza ambayo hakuna aliyeitaja kwa kuwa zile nyingine zilikuwa zinaifunika. Nilisafisha kwa brashi na mafuta ya taa, nikafuta, nikapaka grisi mpya ya kuhimili maji. Usipake grisi juu ya uchafu wa zamani. Utakuwa umetengeneza msasa.

Cha pili, bati la kushikilia dishi lilikuwa limebandikwa kwenye paa kwa silikoni ya bafuni. Kona moja ilikuwa imenyanyuka kiasi cha kupitisha kadi ya benki. Maana yake, mota ikitikisika, bati linapiga paa, na paa la faibaglasi lenye uwazi chini yake ni ngoma kamili. Nikiwa juu, sauti niliyoisikia ilikuwa ndogo, ya kawaida kabisa. Dereva aliyelala kitandani kwa ajili ya jaribio alitoka nje akasema masikio yanamuuma. Kwa hiyo nusu ya kelele haikuwa kelele ya dishi, ilikuwa ya paa. Gundi ya poliyurethani inayotumika kubandika vioo vya magari inapatikana Kariakoo na kwenye maduka ya spea Ilala. Ndiyo inayofaa hapo. Silikoni tuwaachie mafundi bomba.

Halafu nikapima umeme. Wengi wanapima betri, wanaona volti 12.6, wanasema umeme upo. Upo, kwenye betri. Mimi nataka kujua umefika kiasi gani kule juu, tena wakati mota inafanya kazi, siyo ikiwa imelala. Nilishika ncha za multimita kwenye tamino za dishi, nikarudisha fyuzi, nikamwambia dereva abonyeze. Dishi lilipoanza kuinuka volti zilishuka hadi 10 na kitu, mota ikanung'unika, dishi likasita, likaendelea, likasita. Nikaufuata waya kurudi nyuma. Ndani ya kabati la nguo kulikuwa na kiungo cha gundi nyeusi, na kutoka hapo mtu alikuwa ameunga waya wa spika. Waya wa spika! Waya mwembamba ukipitishiwa umeme mwingi unakula volti njiani, mota inabaki na njaa. Niliweka waya wa milimita 4 moja kwa moja kutoka kwenye betri, manung'uniko yakaisha. Betri yenyewe pia ilikuwa imechoka, lakini hilo nitalifikia.

Baada ya yote hayo, tak-tak-tak ilikuwa bado ipo. Ndogo zaidi, lakini ipo, na palepale: dishi likipanda hadi juu kabisa. Linapanda vizuri, linafika mahali, tak-tak-tak-tak, linashuka kidogo, linazunguka, linapanda tena, tak-tak-tak-tak.

Nilifungua kifuniko cha gia ya kuinulia. Ni gia ya plastiki ngumu, imekatwa nusu mwezi. Chini yake kulikuwa na chenga nyeupe. Nikaikagua jino kwa jino na tochi ya simu. Meno yote ya chini na ya katikati yalikuwa mazima, yana makali ya kiwandani. Meno ya mwisho kule juu yalikuwa yamelika hadi yamekuwa mviringo. Gia iliyochakaa kwa uzee inachakaa kote. Gia inayoliwa mwisho tu inakwambia inasukumwa kwenye ukuta, kila siku, na mtu anayeiamuru kwenda mahali isikoweza kufika.

Nani anayeiamuru? Nikaingia ndani kwenye kisanduku cha kuendeshea. Orodha ya satelaiti ilikuwa ya Kizungu tupu: Astra ya digrii 28.2 mashariki, Astra ya 19.2, Hot Bird ya 13. Hizo ni za watu wa Ulaya, hazina la kutuambia sisi. Lakini nafasi ya mwisho ilikuwa imebadilishwa, mtu ameingiza digrii 36 mashariki, ambako zinatoka chaneli za DStv kwa huku kwetu. Wageni wa shangazi wanapenda ligi ya Uingereza, akatafutwa kijana wa kuingiza, akaingiza. Hesabu ya kijana ilikuwa sahihi. Dunia ndiyo iliyomkatalia.

Satelaiti za televisheni hazizunguki angani ovyo. Zinakaa juu ya mstari wa ikweta, kimo cha kilomita 35,786, zinakwenda na dunia kwa mwendo mmoja, ndiyo maana kwetu zinaonekana zimesimama. Satelaiti ya digrii 36 imesimama juu ya Kenya, maeneo ya karibu na Nakuru. Dar es Salaam tuko digrii 39 mashariki, na ikweta kutoka hapa ni digrii 7 tu kaskazini. Kwa hiyo ile satelaiti iko karibu na utosi wetu. Ukipiga hesabu, dishi la Dar linatakiwa kutazama juu kwa digrii 81. Tisini ingekuwa utosini kabisa. Mtu wa London anayetafuta Astra yake ya 28.2 anatazama juu kwa digrii 25 tu, karibu na mapaa ya majirani.

Huhitaji hesabu kuliona hili. Simama Rangi Tatu uangalie mapaa. Kuna madishi yamelala chali yanatazama mbingu kama sufuria lililowekwa kukinga maji ya mvua; hayo ni ya 36. Na kuna yaliyosimama zaidi yakitazama upande wa machweo. Hayo ni ya AzamTV, satelaiti ya digrii 7 mashariki, iliyoko juu ya bahari kule karibu na São Tomé, magharibi mwa Afrika. Fundi madishi wa Dar anapita mtaani anajua nani analipia nini bila kugonga hodi.

Sasa dishi la shangazi limetengenezwa kwa ajili ya Ulaya. Waliolibuni walijua hakuna mteja wao atakayelitaka litazame utosini, kwa hiyo wakaliwekea kikomo. Kitabu chake, ambacho shangazi alikuwa amekihifadhi kwenye droo ya vijiko, kilionyesha kuwa halifiki hata digrii 70. Kisanduku kikiambiwa 36, kinalipandisha dishi mpaka mwisho wa gia, gia inagonga ukingo, meno yanaruka, kisanduku kinafikiri pengine satelaiti iko upande mwingine, kinazungusha, kinajaribu tena. Hakichoki. Kingeendelea hadi betri iishe, na mara kadhaa betri iliisha, ndipo ikachoka namna ile.

Nilimweleza shangazi. Akanitazama.

"Kwa hiyo dishi ni zima?"

"Zima, shangazi. Ila linatafuta kitu kilichoko juu kuliko shingo yake."

"Na wageni wangu wataangalia nini?"

Hapo ndipo nilipoipigania AzamTV, na sikulipwa na mtu kusema hivyo. Kwanza wageni wengi wa shangazi ni Watanzania, na Mtanzania aliyekaa ufukweni siku ya Simba na Yanga hataki kuambiwa habari za pengine. Ligi Kuu iko Azam. Pili, digrii 7 kutoka Dar ni kutazama magharibi, ukivuta kaskazini kidogo, na kimo cha digrii 52. Dishi lile linafika 52 bila kukaribia yale meno mabovu. Gia inabaki kwenye meno mazima, na mnazi uliokuwa upande huo hauzuii kitu kwa kimo hicho.

Kuna jambo moja linalowashinda wanaohamisha vifaa vya Ulaya kuja huku, nalo ni mkao wa LNB. Mawimbi ya satelaiti hizi yanakuja yamesimama au yamelala, na LNB lazima igeuzwe ikae nayo sambamba. London, kwa ile Astra yao, unaigeuza kama digrii 20 umemaliza. Dar, kwa satelaiti iliyoko mbali magharibi namna ile, mgeuzo unazidi digrii 70. LNB inakuwa kama imelalia ubavu. Alama zilizochorwa kwenye kishikio cha dishi la shangazi hazikufika huko. Nililegeza kibano, nikaigeuza kwa mkono taratibu huku dereva ananisomea asilimia kutoka kwenye king'amuzi kupitia dirishani. Arobaini. Arobaini na tano. Hapo hapo. Rudi kidogo. Sabini na mbili, fundi, sabini na mbili! Nikakaza.

Kisha nikaingiza digrii 7 kwenye kisanduku, nikaifuta 36. Dishi likainuka, likazunguka kuelekea machweo, likatulia. Lilitoa sauti ya mota tu, ile ya kioo cha gari kinachopanda.

Ikabaki kelele ya mlinzi, ya usiku wa mvua, na hii naona ndiyo ya maana kuliko zote, kwa sababu ingeweza kurudi hata baada ya kila kitu kuwa sawa. Masafa tunayotumia kwa televisheni ni ya kama gigahezi 11, wimbi lenye urefu wa sentimita 2 na nusu hivi au zaidi kidogo, na matone mazito ya mvua yanayanyonya. Kila mwenye king'amuzi Dar anajua: masika yakimwaga, picha inagandaganda, inapotea, mvua ikipungua inarudi. Dishi la nyumbani halifanyi lolote, linasubiri. Dishi lenye akili linajiona limepotea. Mawimbi yakikatika, kisanduku kinadhani gari limesogezwa, kinaanza kutafuta upya. Na satelaiti haionekani kwa sababu ya mvua, kwa hiyo kinatafuta, na kinatafuta, saa nane ya usiku, juu ya vichwa vya watu waliolala, kikigonga kila kinapofika juu. Huyo ndiye popobawa wa Mjimwema. Na mvua ikiisha dishi liko kusikojulikana, linatazama Zanzibar.

Dawa yake iko kwenye menyu ya kisanduku, sehemu ya kutafuta upya kiotomatiki. Nilizima. Sasa likipoteza mawimbi linakaa palepale lilipo, gia zinalishikilia, na mvua ikipungua picha inarudi yenyewe.

Wapo wanaozima kisanduku chote baada ya dishi kupata mawimbi. Kwa dishi la shangazi picha inaendelea hata hivyo, maana LNB inapata umeme wake, volti 13 au 18, kutoka kwenye king'amuzi kupitia kebo ileile. Inaonekana ni njia rahisi. Siipendi. Kisanduku kikiwa kimezimwa, dereva akiwasha gari dishi halitajilaza, na dereva aliyeamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi pantoni hatakumbuka kutazama juu. Tawi la kwanza la mwembe litamkumbusha. Zima kutafuta upya, usizime kisanduku.

Upepo nao una neno. Kusi likivuma Kigamboni dishi lililoinuliwa ni tanga. Nilimwambia mlinzi, yeye ndiye anayekuwa pale: ukiona minazi imeinama, gonga mlango waambie wageni wabonyeze kitufe cha kulilaza. Hata kama ni dakika za nyongeza. Alicheka, akasema dakika za nyongeza hatagonga mlango wa mtu, atakuja kunigongea mimi.

Meno yaliyolika sikuyabadilisha. Kuna mafundi wa kuchonga Gerezani wanaoweza kutoa gia ya nailoni ukiwapa ya mfano, ila kulipa hela kwa meno ambayo dishi halitayafikia tena ni kutafuta sifa. Wageni wanaoshikilia DStv yao tuliwapatia dishi la kawaida kwenye stendi ya chini, lenye ndoo ya mchanga kwenye mguu. Linawekwa nyuma ya gari, linalala chali linavyotakiwa, na kebo inapita dirishani. Si kitu cha kupendeza machoni lakini halina mota.

Kona ya bati nimeibandika upya na nimempa shangazi kazi ya kuiangalia kila kabla ya masika, pamoja na kufuta ule unga mweupe kwa kitambaa cha maji baridi yasiyo na chumvi. Pesa aliyokuwa ameshaitenga kwa ajili ya mota ya Ulaya alinunulia betri mpya, ikabaki chenji, na kwenye chenji hiyo tukaanza kubishana kuhusu ujira wangu. Shangazi alifanya kazi bandarini miaka mingi. Nilichukua alichonipa.